Mwisho wa reli, mwanzo wa nini? Bandari ya Kigoma na KiSEZ mbona haviungani?

#1 Mtoto wa Bangwe
Wakuu, salaam.

Naomba tulijadili hili kwa utulivu. Mimi ni wa hapa hapa Kigoma, bandari naiona kila nikitoka Bangwe kwenda mjini. Saruji inashuka kwenye behewa, inapanda kwenye chombo, inakwenda Bujumbura, Uvira, Kalemie. Mfuko ule umesafiri zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Dar hadi hapa. Kinachobaki Kigoma ni ujira wa kuli na tozo za gati. Basi.

Wakati huo huo tuna KiSEZ, eneo maalumu la kiuchumi la Kigoma. Zaidi ya miaka kumi sasa linatajwa kwenye kila kongamano la uwekezaji, ila bado halijawa mahali ambapo mzigo wa bandari unaingia ukiwa malighafi na kutoka ukiwa bidhaa.

Wenzetu hawakufanya hivi. Jebel Ali bandari ilifunguliwa 1979, mwaka 1985 wakaweka eneo huru mgongoni mwake. Tanger Med ya Morocco ilianza kupokea meli 2007, na 2012 Renault wakafungua kiwanda jirani, magari yanatoka kiwandani kwa treni hadi melini. Sisi reli ilitufikia 1914, gati zikafuata miaka ya 1920. Tuna ziwa ambalo nchi nne zinalitumia. Sasa kinachokosekana ni kitu gani hasa? Nataka sababu, wakuu. Siasa za vyama tuziache nje ya uzi huu.

#2 Kuli wa Zamani
Nimevuta kiti. Wajuzi waje.

#3 Fundi Njia
Mtoa mada, jibu lako liko chini ya miguu yako: reli. Mwenye kiwanda halali usingizi kama hajui malighafi inafika lini. Reli ya Kati ya zamani mvua zikikolea tu, kipande cha Kilosa hadi Gulwe kinasombwa, na huku kwetu bonde la Malagarasi nalo lina yake. Njia ikikatika, behewa linalala kituoni hadi udongo ukauke.

Hata Jebel Ali uiweke pale Bangwe kesho, bila treni yenye ratiba ya kuaminika itakuwa ghala. SGR, reli mpya ya kisasa, ndiyo dawa. Kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Kikikamilika ndipo tuanze kuhesabu viwanda.

#4 Mama Migebuka
Kaka Fundi Njia, umeongea vizuri lakini umeruka umeme. Mkoa huu ulikaa miaka na miaka ukiendeshwa na majenereta ya mafuta. Nani angeleta kiwanda cha maana kwenye umeme wa jenereta? Mimi ni mfanyabiashara wa samaki. Migebuka inataka barafu, barafu inataka umeme, na umeme ukikatika usiku mmoja mtaji unanuka asubuhi. Tuliona ni afadhali kukausha dagaa juani kuliko kuthubutu kununua majokofu makubwa.

Sasa gridi ya Taifa imetufikia, na kuna mradi wa umeme wa maji pale Igamba kwenye mto Malagarasi, megawati 49.5. Kwa hiyo msilaumu bandari wala ukanda. Miaka yote hiyo mwekezaji alikuwa anatazama swichi.

#5 Mjukuu wa Mpagazi
Nakazia alichosema mama, lakini naongeza historia, maana naona tunaongea kama vile bandari hii ilijengwa ilishe Kigoma. Haikujengwa kwa ajili hiyo.

Mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walisaini mkataba. Ubelgiji ikapewa maeneo yake ndani ya bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam, kodi faranga moja kwa mwaka, bila kikomo. Wazee wanayajua kwa jina la Belbase. Mzigo wa Kongo na Ruanda-Urundi ulikuwa unashuka Dar, unafungiwa, unapita nchi nzima bila kuguswa na forodha yetu, unatokea Kigoma na kuvuka. Hilo lilikuwa eneo maalumu kabla hata neno SEZ halijazaliwa! Ila lilikuwa maalumu kwa kupitisha, halikuwa la kutengeneza. Mwishoni mwa 1961 Mwalimu alitamka wazi kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na mkataba wa kukabidhi ardhi milele.

Kwa hiyo mtoa mada anapouliza kwa nini mzigo unapita tu, jibu langu ni kwamba njia yote hii ilichorwa ili mzigo upite tu. Maghala, gati, mpangilio wa njia za reli bandarini, vyote vinatazama ziwani. Hakuna kilichochorwa kutazama mji wenyewe, Mwanga au Gungu.

#6 Kuli wa Zamani
#5 umenikumbusha mbali. Sisi tulikuta maghala yale yanaitwa Belbase hadi tunaingia kazini, na Uhuru ulikuwa na umri wa mtu mzima. Kijana, shule umesoma.

#7 Mnyamwezi wa Cheyo
Watani, mnalia bandari wakati mnapitishia kila kitu kwetu Tabora 😀. Njia ya Mwanza, ya Kigoma na ya Mpanda zote zinakutana kwetu. Eneo la viwanda liwekwe Tabora, ninyi mbaki na gati na dagaa zenu.

Nikiacha utani, sisi ni ushahidi kwamba hata reli peke yake haileti kiwanda. Tumbaku inalimwa Urambo, Kaliua, Sikonge, inapakiwa, inakwenda kusindikwa Morogoro. Reli ipo tangu 1912 na imetusaidia kulisafirisha jani likiwa halijaongezwa thamani. Fundi Njia utuambie, SGR ikija, haitabeba jani lile lile kwa kasi zaidi?

#8 Fundi Njia
@Mnyamwezi wa Cheyo, swali zuri, ila Morogoro walijengewa viwanda kwa sera, vikiwa karibu na Dar. Kule si reli iliyoamua.

#9 Mnyamwezi wa Cheyo
Ndiyo hoja yangu hiyo mkuu. Umeijibu mwenyewe: sera.

#10 Boti la Mbao
Nyote mnatazama mashariki. Geukeni magharibi.

Mimi napeleka mzigo ng'ambo, Uvira na Baraka, wakati mwingine Kalemie. Soko la Kongo ni kubwa kuliko mnavyodhani: sembe, chumvi, sabuni, vigae, maji ya chupa, vyote vinaisha. Tatizo ni kinachofuata ukishatia nanga. Kalemie ina reli yake ya kwenda Kabalo hadi Lubumbashi, lakini ile reli na ile bandari zimechoka. Maji ya ziwa yalipopanda, kuanzia 2020 hivi na tena 2024, gati za majirani ziliogelea, na sisi hapa Kibirizi mwalo ulimezwa. Na kaskazini ndiyo hivyo, Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu Februari. Mteja wangu wa Bukavu alikuwa akija Uvira kuchukua mzigo. Siku hizi anapiga simu tu kusalimia.

Tanger Med ng'ambo yake ni Hispania. Shenzhen ng'ambo yake ni Hong Kong. Sisi ng'ambo yetu ni watu wenye njaa ya bidhaa lakini wasio na barabara wala amani. Ukanda maalumu unategemea jirani. Kigoma haijakosea popote.

#11 Mtoto wa Bangwe
#10 nakushukuru, hii ndiyo hoja niliyokuwa naisubiri. Lakini nina pingamizi. Shaba na kobalti ya Katanga inatoka Kongo hiyo hiyo na inafika Dar kila siku kwa malori, kupitia Kasumbalesa na Tunduma. Barabara mbaya na usalama havikuwazuia. Mbona wamezunguka hadi Zambia badala ya kuvuka ziwa kwetu?

#12 Boti la Mbao
Kwa sababu lori linapakiwa mara moja linashushwa mara moja. Kwetu: treni yao hadi Kalemie, shusha. Pakia melini, vuka. Shusha Kigoma, pakia behewa. Na reli zao ni upana mwingine, milimita 1,067 kama za TAZARA, zetu za zamani ni 1,000, SGR ni 1,435. Hata ukitaka behewa livuke na meli, halitakanyaga reli ya upande wa pili. Kila kushusha kuna gharama, kuna wizi na kuna siku zinapotea.

#13 Mjukuu wa Mpagazi
Lakini mkuu, hapo hapo ndipo penye kiwanda! Mahali ambapo mzigo lazima ushushwe na upakiwe upya ndipo miji ya viwanda huota, kwa sababu gharama ya kushusha umeshailipa. Kama gunia linafunguliwa kwa lazima, lifunguliwe ndani ya kiwanda. Lete ngano nzima, ivuke ikiwa unga. Lete mafuta ghafi ya kula, yavuke yakiwa kwenye madumu yenye lebo ya Kigoma. Hizo reli tatu za upana tofauti ninyi mnaziona balaa, mimi naziona ndiyo hoja kubwa ya KiSEZ kuwa Kigoma na si Kwala wala Bagamoyo.

#14 Chumvi ya Uvinza
👏👏 #13

#15 Mpanda Stendi
Salaam kutoka Katavi. Mnasahau kwamba serikali imejenga bandari Karema, imekamilika 2022, na inatazamana na Kalemie uso kwa uso. Reli ya Kaliua–Mpanda ikifikishwa Karema, mzigo wa Katanga hautakuwa na sababu ya kupanda hadi Kigoma. Ninyi bakini na Bujumbura.

#16 Mama Migebuka
Mpanda, reli hiyo ikifika Karema nitakuletea mgebuka wa kuchoma kwa mikono yangu. Ikifika lakini.

#17 Mpanda Stendi
Haya mama, andaa jiko 😂

#18 Wakala Forodha
Wakuu poleni na majukumu. Nimesoma uzi wote, na nadhani kuna jambo kubwa hamjaligusa. Naomba mnivumilie, litakuwa refu.

Kwanza, wengi wanachanganya EPZ (eneo la kuzalisha bidhaa za kuuza nje) na SEZ (eneo maalumu la kiuchumi). EPZ ilikuja kwa sheria ya 2002, na sharti lake lilikuwa kuuza nje angalau asilimia 80 ya unachozalisha. Ndipo ulipata msamaha wa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka kumi na misamaha ya ushuru wa mitambo na malighafi. SEZ ilikuja kwa sheria ya 2006, ilikuwa pana zaidi, na ndani yake mtu aliweza kupewa leseni ya kuuza soko la ndani, ila unafuu wake haukuwa sawa. Na EPZA, mamlaka ya maeneo hayo mnayoitaja kwenye vijiwe, imeshaunganishwa na TIC, kituo cha uwekezaji; tangu 2025 ni chombo kimoja, TISEZA.

Sasa sikilizeni. Wote hapa mnasema: jenga kiwanda KiSEZ, uza Burundi na Kongo, hayo ni "mauzo ya nje". Kwa akili ya kawaida ni nje, umevuka ziwa kwa pasipoti. Lakini Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na Kongo imeingia 2022. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya inasema bidhaa za maeneo haya ya mauzo ya nje zikiuzwa ndani ya himaya ya forodha ya Jumuiya zinalipiwa ushuru kamili, na zisizidi asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka.

Yaani soko ambalo Kigoma iliumbiwa, kisheria limegeuka soko la ndani. Kiwanda cha EPZ pale Kigoma kingetakiwa asilimia 80 kiuze wapi? Zambia tu ndiyo mwenye ziwa ambaye hayumo kwenye Jumuiya, naye bandari yake ni Mpulungu, mwisho kabisa wa kusini. Kingine kirudi Dar kikapande meli ya baharini, kilomita 1,250 nyuma.

Kwa bandari ya bahari mfumo huu una mantiki. Meli inatoka Dar inakwenda Ulaya au Asia, hapo ni nje kweli. Tumechukua nguo iliyokatwa kwa mwili wa bandari ya bahari tukaivalisha bandari ya ziwa.

#19 Kuli wa Zamani
Duh.

#20 Mtoto wa Bangwe
@Wakala Forodha, hii naisikia leo na nimekaa kwenye makongamano. Lakini mbona kiwanda cha kawaida, kisicho na leseni ya EPZ, kinauza Kongo bila shida? Si kinafaidi uanachama wa Kongo kwa kigezo cha uasili wa bidhaa, yaani imetengenezwa ndani ya Jumuiya?

#21 Wakala Forodha
Sahihi kabisa. Kiwanda cha kawaida kikitimiza kigezo cha uasili kinavuka bila ushuru kwa nchi inayotekeleza. Ndiyo maana nasema kwa Kigoma leseni ya EPZ inaweza kuwa mzigo kuliko msaada. Kongo nayo utekelezaji wake wa forodha ya pamoja bado ni wa hatua kwa hatua, usidhani ukifika Kalemie utapokelewa kwa wimbo wa Jumuiya. Karatasi na hali halisi ni vitu viwili.

#22 Fundi Njia
Mkuu Wakala, nakuheshimu, ila hiyo ni sababu ya karatasi kwa tatizo la chuma. Kongo imeingia Jumuiya 2022. Kabla ya hapo ilikuwa nje, na EPZ ingeuza kule asilimia zote. Mbona kuanzia 2006 hadi 2022 hapakujengwa kitu? Miaka hiyo yote sheria ilikuwa inaruhusu. Kilichokosekana kilikuwa reli na umeme.

#23 Mama Migebuka
🙌 Hapo Fundi umempata.

#24 Wakala Forodha
Hoja nzuri. Sikusema ndiyo sababu pekee. Nasema ndiyo itakayotukwaza reli na umeme vikishafika, na hakuna anayeitazama.

#25 Shamba la Bibi
Mimi si mtaalamu, nitasema niliyoyaona. Familia yetu ilikuwa na minazi michache, michikichi na mihogo kwenye eneo moja lililotengwa kwa uwekezaji mkoani hapa. Walikuja wakathamini, wakaandika kila mti, tukaambiwa tusiendeleze. Bibi aliacha kupanda. Miaka ikaenda. Fidia ilipokuja kuzungumzwa tena, miti mingine imekufa, watoto wa familia wameongezeka, na wengine waliuziana kimya kimya viwanja ambavyo havikuwa vya kuuzwa.

Sheria ya uthamini ya 2016 inasema fidia ikicheleweshwa zaidi ya miezi sita inabeba riba, na uthamini wenyewe una ukomo wa miaka miwili. Ni sheria nzuri. Lakini kwa mtu wa kijijini aliyezuiwa kupanda, miaka miwili ni mirefu sana.

Mnapojadili Jebel Ali mkumbuke ile ilijengwa jangwani. Hapa kila hekta ina bibi wa mtu. Mwekezaji akija akakuta mgogoro wa ardhi anageuza gari. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kwanza, kabla ya reli na kabla ya umeme.

#26 Mtoto wa Bangwe
Pole sana ndugu yangu. Bibi bado yupo?

#27 Shamba la Bibi
Yupo, Mungu ni mwema. Amehamia kwa mama mdogo Mwandiga, na amepanda tena michikichi. Hashauriki.

#28 Chumvi ya Uvinza
Michikichi! Sasa tumefika kwenye kitu chetu. Mnaongelea ngano na mizigo ya kutoka baharini wakati Kigoma ndiyo nyumba ya mawese. Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, aliivalia njuga hii tangu 2018, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga kinazalisha miche ya Tenera badala ya ile Dura ya zamani yenye kokwa nene na mafuta haba. Nchi inaagiza mafuta ya kula kwa fedha nyingi kutoka Malaysia na Indonesia, na ng'ambo ya ziwa Kongo nao wana michikichi tele.

Hebu chora hivi: mawese ghafi ya Kigoma na ya Kongo yanakutana hapa gatini, yanasafishwa hapa, mafuta yanapanda behewa la kurudi Dar, mise (kiini cha kokwa ya chikichi) inakwenda kwenye sabuni na chakula cha mifugo. Hapo umetatua ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja: treni inakuja Kigoma imejaa, inarudi karibu tupu. Nauli ya kuja inabeba na gharama ya kurudi tupu, ndiyo maana saruji hapa ina bei ile. Kiwanda cha kwanza cha KiSEZ kichaguliwe kwa kigezo kimoja: kinajaza behewa la kurudi? Kama kinaongeza tu mzigo wa kuja, kingoje.

#29 Fundi Njia
Hii nimeikubali kwa mikono miwili. Sisi wa njia tunaijua. Behewa tupu nalo linakula mafuta, na halimlipi mtu.

#30 Kuli wa Zamani
Na uvuvi? Ziwa likifungwa miezi mitatu kama 2024, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kiwanda cha samaki kitafanya nini?

#31 Mama Migebuka
Mzee shikamoo. Kufungwa kule kuliniuma mfukoni, ila dagaa waliporudi walikuwa wakubwa. Kiwanda kinaweza kupangwa kulingana na kalenda, kama viwanda vya pamba vinavyofuata msimu. Shida yetu ni kwamba hakuna chumba cha baridi cha kuhifadhi tulichovua kabla ziwa halijafungwa.

#32 Kuli wa Zamani
Marahaba mwanangu. Nimekuelewa.

#33 Lubumbashi Bar
Na mnajidanganya kuhusu Katanga. Marekani na Ulaya wanaweka pesa kwenye njia ya Lobito, reli ya Angola, zaidi ya kilomita 1,300 hadi mpakani. Shaba itakwenda Atlantiki. Kigoma itabaki kugombea sembe na sabuni.

#34 Mtoto wa Bangwe
@Lubumbashi Bar, na iwe hivyo! Sihitaji shaba. Shaba ikipita Kigoma itatuachia vumbi la behewa, kama saruji inavyotuachia. Kuyeyusha shaba kunataka umeme ambao hatunao. Sembe na sabuni ndivyo vinavyoajiri watu, kina mama wa Buzebazeba na vijana wa Katubuka. Hebu tusione aibu ya kiwanda cha sabuni.

#35 Mjukuu wa Mpagazi
Amina.

#36 Boti la Mbao
Sawa, kiwanda kimejengwa, sabuni imejaa. Inavuka na nini? Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa, ikarudi kazini 1927, kisha ikakaa miaka ikingoja matengenezo. Mwongozo ni ya 1982. Mzigo mwingi wa watu wadogo tunauvusha sisi na mbao zetu, bila bima inayoeleweka. Ukitaka ukanda uungane na bandari, anza na meli. Gati bila meli ni ukuta.

#37 Fundi Njia
Si kuna mpango wa meli mpya ya mizigo ya tani 3,500 na karakana ya kuunda meli hapa Kigoma?

#38 Boti la Mbao
Upo. Nami naungoja kwa hamu, hiyo karakana kwangu ndiyo kiwanda cha kwanza cha KiSEZ hata kama iko nje ya uzio. Mafundi wa boti wa Kibirizi wakifundishwa kuchomelea chuma, utaona.

#39 Mnyamwezi wa Cheyo
Bado mnajadili? Nilikwenda kula, nikarudi, Kigoma imeshapata viwanda sita na meli moja.

#40 Mama Migebuka
Na Tabora tumewaachia njia panda 😂

#41 Wakala Forodha
Kabla uzi haujageuka kijiwe, narudi kwenye swali la mtoa mada. Bagamoyo walianza na makubaliano ya 2013, bandari na ukanda vikiwa mradi mmoja, wawekezaji wale wale. Ukasimama 2019 kwa sababu ya masharti, na vyote viwili vikalala pamoja. Kwala wameanza na bandari kavu na reli, viwanda vinafuata jirani. Kigoma tufuate ipi? Mimi naona tuna bandari, na TPA, mamlaka ya bandari, wana eneo la bandari kavu pale Katosho. Katosho iunganishwe kwa reli na KiSEZ, forodha iwe moja, kontena likitoka melini lisisimame getini mara mbili. Hilo halingoji SGR.

#42 Shamba la Bibi
Na waliothaminiwa walipwe kabla tingatinga halijaingia. Naomba hilo liandikwe kwanza.

#43 Chumvi ya Uvinza
Na behewa la kurudi.

#44 Fundi Njia
Wakala, reli ya kutoka Katosho kwenda huko unakosema si ndefu, ila uijenge ya upana gani? Ukiweka ya 1,000 SGR ikija unaing'oa. Ukiweka 1,435 leo haina treni.

#45 Wakala Forodha
Weka vyuma vitatu vya reli kwenye taruma moja, treni za upana wowote kati ya hizo mbili zipite, inawezekana.

#46 Fundi Njia
Inawezekana kwenye njia. Kwenye makutano ya njia ni kazi nyingine kabisa. Nitakuchorea kesho nikitoka zamu.

#47 Mtoto wa Bangwe
Wakuu, asanteni. @Wakala Forodha, hicho kifungu cha asilimia 20 naomba unitumie jina kamili la itifaki na namba ya ibara. Kuna kikao cha wadau wa mkoa kinakuja, nataka niulize mbele ya wakubwa: je, KiSEZ inaandaliwa kuuza Kongo, au inaandaliwa kwa sheria inayoihesabu Kongo kuwa nyumbani?

#48 Wakala Forodha
Itifaki ya Kuanzisha Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ibara ya 25. Soma na ibara zinazoizunguka. Na uulize pia kama wameshaomba Jumuiya ilitazame hilo kwa ajili ya bandari za maziwa, maana Mwanza, Kisumu na Bujumbura nao wamo humo humo.

#49 Mpanda Stendi
Na Karema.

#50 Mama Migebuka
Na Karema, haya. Jiko bado liko pale pale.